Mwendo wa Athumani

Simu ililia asubuhi nikiwa napasua kuni, na aliyepiga ni Shabani, mtoto mkubwa wa Athumani. Akaniambia baba amefariki alfajiri, maziko saa kumi jioni, na kabla sijamaliza kusema inna lillahi akaongeza: "Baba mdogo, mama anasema uje na vituko vyako. Usije ukakaa kimya kama mgeni." Nikamwambia nimesikia. Nikaketi juu ya gogo, shoka mkononi, nikamtukana marehemu kwa sauti, peke yangu, matusi yaleyale niliyozoea kumtukana mbele za watu naye akacheka. Sisi Wandengereko na wao Wamatumbi ni watani, na aliyezaliwa Kibiti au Ikwiriri hahitaji kuelezwa. Mtani wako akifa unakwenda msibani kuwachekesha waliofiwa. Unavaa nguo za marehemu, unatembea alivyotembea, unatangaza ubahili wake, unalala mlangoni jeneza lisipite. Ukilia kama ndugu umeharibu. Na hapa mjini hakuna asiyejua kwamba mtani wa Athumani ni mimi, Kibwana, wala asiyejua ni kitu gani ningetakiwa kukiigiza. Athumani alikuwa akichechemea. Mguu wa kushoto ulilala upande, akaukanyagia ukingo, kisha akauvuta kwa nyonga na kuutupa mbele. Niliutazama mwendo huo miaka thelathini na zaidi. Nilikuwapo ulipoanza.

Habari za kwetu nani alikuwa baba na nani mama naziacha, hazihusiki hapa. Nianze na kipupwe cha mwaka ule, tukiwa vijana wanne tuliokuwa na wazimu mmoja, kukimbia. Mkubwa wetu alikuwa Salumu, aliyewahi kupita jeshini akarudi na filimbi, saa ya mkononi na tabia ya kutuita "ninyi raia". Alikuwapo Hamisi, mnene kidogo, aliyekimbia kwa sababu sisi tulikimbia. Na tulikuwapo sisi wawili, mimi na Athumani, ambao ndio tuliokuwa na mbio kwelikweli. Mkoa ulikuwa umeleta habari kwamba unachagua timu, na Kibiti ingetoa mtu mmoja tu wa mbio ndefu. Mmoja! Salumu ndiye aliyeambiwa apeleke jina. Alikaa nalo siku tatu, kisha akasema hapa kwetu ni mchanga na tambarare, mtu hapati kifua. Milima ndiyo itakayosema nani ni nani. Athumani akadakia, "Twendeni kwa bibi yangu Umatumbini. Kuna mlima pale nyuma ya nyumba, utawatoa kamasi ninyi Wandengereko." Tukacheka. Siku ile ile nilianza kumchukia, ingawa sikulijua jina la kile nilichokuwa nacho. Nilikiita hamu ya mazoezi.

Tulidandia lori la mizigo, tukavuka mto kwa pantoni, maana daraja lilikuwa bado, tukashushwa Nyamwage, na kutoka pale tukaenda kwa miguu. Siku moja na nusu. Siwezi kusema uongo, zile zilikuwa saa nzuri kuliko zote nilizowahi kutembea. Njia ilikuwa inapanda taratibu, hewa inapoa, watu wanatuuliza tunakwenda wapi na vifurushi kichwani, nasi tukiwajibu tunakwenda kukimbia. "Mnakimbia nini?" mama mmoja akauliza. Athumani akamwambia, "Hawa Wandengereko wanakimbia njaa, mimi nawasindikiza." Yule mama akatupa machungwa, akacheka mpaka akashika mti. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Akifika mahali, watu wote wanamgeukia yeye. Akikimbia, anakimbia huku anaongea. Mimi nikikimbia sura yangu inakunjamana kama mtu anayekunywa mwarobaini, na sina hata pumzi ya kusema nakufa.

Bibi yake alitupa chumba cha uani alimowekea machungwa. Mikeka minne, ukutani matenga yamepangwa mpaka juu, na harufu ile imeingia kwenye nguo zetu, mpaka leo nikimenya chungwa nakumbuka jasho la watu wanne. Mchana tulikula bada, ugali ule wa muhogo, na mbaazi za nazi, wote sinia moja, na yule bibi alikaa kando akihesabu matonge ya kila mtu kwa macho. Ukuta wa chumba chetu ulikuwa wa udongo, haufichi neno. Siku ya pili nimejilaza, miguu imekakamaa, nikamsikia akiongea na jirani yake kwa Kimatumbi. Kimatumbi na Kindengereko havipishani sana, nikaelewa kila kitu. "Yule mwembamba," alisema, "ana roho ya kukimbia, hana miguu. Mjukuu wangu ana miguu." Jirani akauliza, "Sasa kaja kufanya nini?" Bibi akasema, "Kumsindikiza mwenziwe." Wakacheka kidogo, bila ubaya wowote, kama watu wanaosema mvua haitanyesha. Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Laiti wangenitukana ningepona upesi.

Utani nao haukupumzika. Mtani anakunyang'anya chakula mdomoni, anakuficha viatu, anakuzulia, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Ukikasirika wewe ndiye mshamba. Asubuhi moja Athumani alinipakia upupu ndani ya bukta, nami nikaivaa, nikafika kisimani wamejaa wasichana wanaochota maji. Nilianza kujikuna taratibu, mwisho nikajiviringisha kwenye tope kama punda. Wasichana waliweka ndoo chini ili wacheke vizuri. Athumani akawaambia, "Msiogope, ndivyo Wandengereko wanavyooga." Nikacheka na mimi. Nilicheka huku machozi yananitoka kwa kuwashwa, na kila mtu akasema huyu ndiye mtani wa kweli. Siku mbili baadaye, tukiwa tunapanda mlima, alitangulia kisha nikasikia anapiga kelele kwamba ameanguka, amevunjika. Nilipanda mbio, kifua kinapasuka. Nikamkuta amelala kwenye majani, macho ameyafumba. "Mtani, wallahi nakufa," akasema. Nikainama nimwinue. Akaruka, akanipiga kofi la kisogo, akanipita akiteremka, kicheko chake nakisikia mpaka bondeni. Chakula cha mchana kilikuwa ni hadithi hiyo tu. Bibi aliomba aisimulie mara tatu.

Kesho yake Salumu akasema imetosha, leo ndiyo leo. Tupande kwa njia ya kisimani, tuzunguke kilele, tushuke kwa nyuma. Wa kwanza kukanyaga ua wa bibi ndiye jina litakalokwenda mkoani. Ilikuwa saa mbili asubuhi. Akapuliza filimbi, akabaki kwenye kigoda na saa yake. Hamisi hata robo hakufika, kichomi kilimshika akarudi zake chini. Tukabaki sisi wawili. Kilele kile Athumani alikizunguka akiwa mbele yangu, hatua mia labda, na mgongo wake haukuonyesha kuchoka. Nikajua. Bibi alikuwa amesema kweli. Nilianza kumwomba Mungu amwangushe. Nalisema kama lilivyokuwa: niliomba, kwa maneno, kama mtu anavyoomba mvua.

Kwenye kona ambayo maji ya masika yamechimba, kati ya mawe mawili, nikamkuta amekaa chini. Mguu wa kushoto ulikuwa umeingia kwenye ufa naye alikuwa ameuchomoa, na unyayo ulikuwa umetazama upande ambao unyayo hautazami. Uso umekuwa wa majivu. Hakupiga kelele. Akasema, "Kibwana." Tangu tujuane hakuwahi kuniita jina langu, mimi kwake nilikuwa mtani, au Mndengereko wewe, au mla matango. "Kibwana, nimevunjika. Leo si utani. Nishike mkono." Nilisimama. Nakumbuka nilipata pumzi mbili kamili, kwa hiyo asije mtu akaniambia sikupata muda wa kufikiri. Nikamwambia, "Na jana pia uliapa." Nikaruka juu ya mguu wake, nikateremka. Akaniita jina mara ya pili, kwa sauti kubwa. Nikaongeza mbio. Sijawahi kukimbia vizuri vile, kabla wala baada.

Salumu aliruka na saa yake, akanikumbatia, akasema sikujua unayo hiyo. Akauliza Athumani yuko wapi. Nikasema, "Kakaa juu huko, anajifanya kavunjika mguu. Anataka nimbebe." Salumu akacheka. "Basi akae, njaa itamshusha." Tulioga, tukakaa uani kumenya machungwa. Kelele zilianza muda si mrefu, mbali, zinakuja na upepo na kupotea. Bibi aliinua kichwa kutoka kwenye mbaazi zake. "Ebu nyamazeni. Huyo si mtu anaita?" Nikasema, "Ni Athumani, bibi, anatuita tukamwokoe kama jana." Akasikiliza tena, akatabasamu mpaka pengo likaonekana. "Mtundu huyo! Kamrithi babu yake." Akarudi kuchagua mbaazi. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Sikuhitaji hata kutunga uongo. Kila mtu alikuwa nao tayari, mimi niliwakumbusha tu.

Chakula kikaiva. Bibi akaleta sinia, akapakua sahani ya Athumani pembeni akaifunika kawa. "Mwekeeni mwenzenu." Na mimi, kwa kuwa ni mtani, na mtani ana haki ya kumlia mtani wake chakula, nikafunua kawa nikala na sahani ile. Sikuwa na njaa. Nilikula kwa sababu kelele zilikuwa zimekoma na nilitaka watu wacheke wasije wakaanza kusikiliza ule ukimya. Wakacheka. Salumu alinipigia makofi kila tonge. Hamisi akasema, "Akija akikuta sahani tupu atakuua." Zile mbaazi zilikuwa na nazi nzito, tui la kwanza, na nilizimaliza zote.

Aliyeuvunja utani ule ni bibi. Adhuhuri ilikuwa imepita, akasema labda kasali hukohuko. Alasiri ilipoadhiniwa, akatoka ameshatia udhu, mikono inamchuruzika maji, akatazama mlima. "Athumani hapitishi sala mbili," akasema. "Utani gani huu unaopitisha sala?" Akanitazama mimi, si Salumu wala Hamisi, na nikaona uso wake unabadilika. Hamisi ndiye aliyekwenda mbio, yeye asiyeweza mbio. Tukamfuata nyuma, tukamkuta Athumani si pale nilipomwacha. Alikuwa amejikokota kushuka, kwa viwiko na makalio, akiuburuta mguu juu ya mawe kutwa nzima, na alikuwa amefika karibu na shamba la bibi. Tukambeba. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu. Nilishika upande wa miguu.

Mzee wa kuunga mifupa aliletwa akamshika, akamnyoosha, akamfunga kwa vijiti na magome. Athumani aling'ata kitambaa. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimekaa katikati ya matenga, na ukuta nao ulikuwa uleule. "Lilikuwa pasuko moja," mzee alimwambia bibi. "Mngeniita asubuhi ningemrudishia mguu wake. Sasa kajiburuta, vipande vimesagana, nyama imevimba. Utaunga, lakini hautakuwa mguu wa kukimbilia." Bibi akasema, "Walidhani anatania." Mzee akauliza, "Wote walidhani hivyo?" Nikasubiri jibu la bibi, sikio nimelibandika ukutani. Sikulisikia. Ama alijibu kwa kichwa, ama hakujibu.

Jina lililokwenda mkoani lilikuwa langu. Siku ya kuondoka Kibiti watu walikuja stendi, na Athumani akaja na gongo kwapani, mguu umefungwa. Nilitamani ardhi inimeze. Akasimama katikati ya watu, akasema kwa sauti yake ileile: "Mtani, mguu wangu huo unaondoka nao. Ukishamaliza kuutumia uurudishe." Watu walivunjika mbavu. Nami nikamjibu, "Nitaurudisha ukiwa umechakaa." Wakaangua tena. Huko mkoani nilikuwa wa kumi na nne kati ya kumi na saba. Fulana waliyonipa ilinibana kwapani. Nilirudi nayo nyumbani, nikaifanya tambara la kufutia baiskeli, na huo ndio ukawa mwisho wa mbio zangu.

Yeye akafungua duka la vipuri vya baiskeli, akaoa, akazaa, akawa mtu wa watu. Na kila kwenye harusi, kila kwenye kahawa, akiniona tu lazima atangaze: "Mnamwona huyu? Aliniacha mlimani nimevunjika, akaenda kula mbaazi zangu!" Watu hoi. Mimi nami nikajibu ninavyotakiwa, kwamba nani angembeba mzito kama gunia la mpunga. Miaka thelathini alinishitaki hadharani, na miaka thelathini baraza lilicheka, na mimi nikacheka pamoja na baraza. Nilikuwa namtazama macho yake akisema. Sikuwahi kujua. Mara moja tu, tukiwa wawili kwenye duka lake, mvua imezuia wateja, nikamwambia, "Athumani, ule mguu. Nataka kukuomba radhi." Alikuwa anapanga nati za magurudumu kwenye kopo. Hakuinua kichwa. "Mtani, usinifanyie hivyo," akasema. "Ukiniomba radhi utani umekwisha. Na ukiisha, itabidi nianze kukuchukia, nami nina duka la kuendesha." Akacheka. Nikacheka. Mvua ikaendelea, nami nikamsaidia kupanga nati.

Basi nikaenda msibani. Wanaume walikuwa uani kwenye mikeka, wanawake ndani, dirisha liko wazi, na mara nilipoingia nikasikia minong'ono ya furaha, mtani kaja, mtani kaja. Salumu alikuwapo, mzee sasa, kwenye kiti cha plastiki. Shabani akaniletea vitu vya baba yake: kofia, fimbo, na viatu vyeusi vya ngozi. Nikavivaa. Cha kushoto kilikuwa kimelika ukingo wote wa nje, soli imebaki kama kisu. Nikatembea. Nikaukanyaga upande, nikauvuta kwa nyonga, nikautupa. Ua zima likalipuka. Ndani nikamsikia Zena, mkewe, sauti imekauka kwa kulia, akipaza: "Ndiye! Wallahi ndiye huyo! Toba, mtani, umemtoa wapi?" Akacheka, kicheko kikageuka kilio, kikarudi kicheko. Nilizunguka ua mara mbili. Kisha nikasimama karibu na dirisha, nikavua kofia.

"Jamani nisikilizeni," nikasema. "Hili ninalosema si utani." Wakaanza kucheka palepale. Nikasema nilimkuta amevunjika, nikauona mguu umepinda kwa macho yangu. Wakacheka. Nikasema aliniita jina langu nikamruka. Kijana mmoja alilala kwenye mkeka akijishika tumbo. Nikasema nilimsikia anaita nami nikawaambia watu anatania, kwa sababu nilitaka nafasi yake. "Na mbaazi zake ukazila!" Salumu akapiga kelele, akacheka mpaka akakohoa, akajifuta macho, na hakunitazama. "Nikazila," nikasema. Machozi yalikuwa yananishuka, na hayo machozi ndiyo yaliyowamaliza kabisa. Wakasema huyu bwana ana kipaji. Nikasema, "Nawaombeni radhi, ninyi watoto wake, na wewe Zena." Mtu mmoja wa nyuma akajibu, "Muombe mwenyewe, yumo humo ndani!" Hapo hata shehe aliinamisha uso akatikisika mabega.

Shabani akanishika mkono. "Ahsante, baba mdogo," akasema, macho mekundu. "Baba alikuwa akiisimulia hivyohivyo. Neno kwa neno." Nikamuuliza, "Nawe uliamini?" Akanitazama kidogo, akatabasamu kama baba yake. "Lo! Mtu gani angefanya kitu kama hicho?"

Jeneza likatolewa. Nilitaka kubadili viatu, lakini vyangu watoto walikuwa wameshavificha, ni haki yao, na watu walikwisha kuanza kusonga na shahada mdomoni. Nikaenda hivyohivyo. Barabara ya makaburini ni ya mchanga, na kile kiatu cha kushoto kila nikikanyaga kinaniangusha upande, lazima niuvute mguu kwa nyonga, lazima niutupe. Nyuma yangu nikasikia vijana wanazuia kicheko. "Mtazameni," mmoja akanong'ona, "hata sasa hajaacha." Nilijaribu kutembea sawasawa, wallahi nilijaribu, mpaka kaburini, lakini kiatu kilikataa.